Hita ya Gesi Chumbani kwa Mzazi

Wenzangu niliowaachia ofisi wameniomba niandike yale niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sababu sina kazi nyingine, na kwa sababu mke wangu amechoka kuyasikia. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Vilichelewa vyote viwili, na hakuna la kujifunza hapo. Nitaandika juu ya hewa. Bwana afya ana mengi ya kukagua, vyoo, machinjio, hoteli, visima, lakini nusu ya nguvu zangu iliishia kwenye kuwaambia watu neno moja: fungueni dirisha. Nimelisema Kilosa mjini, nimelisema Zombo na Mvumi, nimelisema Mikumi mpaka nikaichoka sauti yangu mwenyewe. Mkiona nanung'unika, nivumilieni. Mtafika huku.

Siku ya kwanza niliripoti Kilosa nikiwa nimevaa suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata, cheti kikiwa kwenye bahasha. Mzee Senyagwa, bwana afya mkubwa wa pale, hakukitazama cheti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kama navuta sigara. Nilipomwambia sivuti, akanipa kiberiti.

"Basi hiki ni cha kazi," alisema. "Ungekuwa mvutaji kingeisha leo leo."

Akaniongezea futi kamba na tochi isiyo na betri, akaniambia betri nitajitafutia. Kiberiti kilikuwa cha kupimia. Ukifika kwenye chumba unawasha njiti, unaishusha karibu na sakafu mlangoni, halafu unaipandisha juu karibu na dari. Moto ukilala upande mmoja, hewa inapita. Ukisimama wima kama askari wa gwaride, chumba hicho kimefungwa. Mzee alinifundisha pia kwamba kabla ya futi na kabla ya njiti, uingie, ufunge mdomo, usimame tu na kunusa. Alisema mtu anaweza kukudanganya juu ya choo chake, lakini juu ya hewa hawezi, kwa kuwa na wewe unaivuta.

Wakati ule nyumba nyingi za wilaya yetu zilikuwa za miti na udongo, na kati ya ukuta na paa kulikuwa na uwazi ambao hakuna aliyeupangia. Moshi wa jikoni ulitokea hapo wenyewe. Watu walikohoa, macho yaliwauma, lakini waliamka asubuhi. Kisha ikaja enzi ya ruksa. Maduka ya Kilosa yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa saruji, bati, vioo vya madirisha na siling bodi. Kila aliyeuza mahindi vizuri akataka nyumba ya tofali, na nyumba ya tofali ikishawekwa dari haina ule uwazi tena. Fundi anaacha matundu madogo juu ya dirisha, mwenye nyumba anayaziba kwa sababu ya mbu, popo, vumbi na wezi. Sisi tunasema yafunguliwe. Wenzetu wa malaria, waliokaa chumba cha pili ofisi ile ile, wanapita siku inayofuata na kusema kila tundu lizibwe mbu wasiingie. Mwananchi akituuliza amsikilize nani, tunamwambia wote wawili.

Zombo nilikwenda kwa baiskeli kuwaagiza watu kwamba kila chumba cha kulala kiwe na dirisha. Niliporudi kukagua, mkulima mmoja, mtu wa rika langu, alinionyesha dirisha zuri lenye fremu ya mninga na bawaba mpya. Nikalivuta. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

"Ndugu, hili dirisha halina tundu," nikamwambia.

"Wewe ulisema dirisha, ndugu yangu. Tundu hukusema."

Nilicheka njia nzima, mpaka mnyororo wa baiskeli ulipokatika. Siku hizi sicheki sana nikikumbuka. Yule bwana alikuwa amenitii, tena kwa gharama zake. Hakujua tu ninalitakia nini, na mimi sikuwa nimemweleza.

Baadaye nilihamishiwa Mikumi. Mikumi ni mji wa barabarani. Malori ya kwenda na kutoka nchi za kusini hulala pale, na mipaka ya huko ilipolegea madereva wakaanza kurudi na vitu ambavyo hatukuwa tumeviona. Dereva mmoja aliyeitwa Elia alimletea mkewe hita ya gesi kutoka Sauzi. Ilikuwa kama kabati dogo lenye magurudumu, mtungi umekaa kwa nyuma, mbele kuna sahani zinazowaka. Haikuwa na bomba la kutolea moshi nje. Majirani walikuja kuisifu kwa ajili hiyo hiyo, kwamba inawaka bila moshi na haichafui pazia. Mkewe Elia, Yudita, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na ilikuwa kipupwe.

Kwa vijana waliolelewa na vitabu, nieleze. Mwanamke akitoka kujifungua kwetu huitwa mzazi, na mzazi hukaa ndani mpaka arobaini. Anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, na chumba chake kinatiwa joto. Upepo usimguse, maana viungo vyake viko wazi, na utosi wa mtoto uko wazi vilevile. Anayesimamia yote hayo ni mama mkwe au mama mzazi. Mwanamume asiye wa nyumba haingii chumba kile, hata awe na cheti kutoka wapi. Zamani joto lilitoka kwenye mkaa, na kina mama walikuwa na adabu zao nao: jiko linawashiwa uani, linapepewa mpaka makaa yawe mekundu na moshi uishe, ndipo linaingizwa, na likififia linatolewa. Haikutosha, lakini ilikuwa adabu. Hita ilikuja bila adabu yoyote. Inawashiwa ndani, inakaa ndani, na kwa kuwa moshi hauonekani hakuna aliyeona sababu ya kuitoa.

Aliyeniletea habari ni Sista Konsolata, muuguzi wa zahanati. Alinikuta hotelini nikigombana na mpishi juu ya vikaango.

"Bwana afya, nina mgonjwa simwelewi," alisema. "Yule mke wa Elia. Wamemleta mara mbili kwa pikapu, kichwa kinamgonga, anatapika, miguu haina nguvu. Nampima damu, malaria hakuna. Akikaa kwenye benchi langu pale nje, kabla hata sijampa dawa, anafunguka macho na kuomba uji. Wakimrudisha, kesho yake yuko vilevile. Anapona kwenye benchi, anaugua kitandani."

"Umekwenda nyumbani?"

"Nimekwenda. Bibi yake mtoto kaniuliza nimezaa wangapi. Nikasema bado. Kasema basi sina la kumfundisha. Nenda wewe."

"Mimi ndiyo nimezaa?"

"Wewe angalau umezeeka," akasema, akarudi kwa wagonjwa wake.

Nilikwenda. Bibi Damari, mama yake Elia, alikuwa uani akichemsha maji ya kukandia kwenye sufuria kubwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, ametoka kwenye milima ya Ukaguru ambako kipupwe ni kipupwe kweli, na hata pale Mikumi alivaa sweta. Nilimwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, akanipa kigoda. Mlangoni kwa mzazi palikuwa na pazia zito, na nyuma yake mlango umefungwa.

Nikamuuliza hali ya mzazi. Akasema upepo umempata. Siku ya tatu mkwewe alisikia kizunguzungu, akajua kuna mahali hewa inapenya, akaziba matundu. Kizunguzungu kikazidi, akabandika karatasi za mifuko ya saruji kwenye vioo kwa uji wa muhogo. Bado, akaweka gunia chini ya mlango na kuiongeza moto ile hita. Alinieleza haya yote kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kazi iliyofanywa sawasawa.

"Na mtoto, mama?"

"Mtoto hana shida," alisema, na uso wake ukalainika. "Mpole mno. Halii kabisa. Mchana kutwa kalala, hata ziwa mpaka umwamshe."

Wenzangu, nimekagua machinjio yenye funza na nimefukua visima vyenye mizoga, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kwenye kigoda kile.

Nilimwomba ruhusa nizunguke nyumba kwa nje. Matundu yote mawili juu ya dirisha yalikuwa yamejazwa vitambaa vya kanga na kukandikwa udongo, kazi safi ambayo fundi angeweza kuionea wivu. Nikarudi uani na kumwomba anisaidie macho, kwa kuwa mimi siruhusiwi kuingia: aende aangalie moto wa hita una rangi gani.

Aliingia, akatoka, akafunga mlango haraka na kurudisha gunia kwa mguu.

"Wa njano. Unachezacheza."

"Ulikuwa hivyo tangu mwanzo?"

"Mwanzo ulikuwa wa buluu, lakini mashine yenyewe ilikuwa mbovu. Inawaka, mara inazimika yenyewe. Unaiwasha, inazimika. Elia kabla hajasafiri kamleta fundi wa pale stendi, kakifunga kile kitufe kwa waya kisirudi. Tangu hapo haijazima."

Hita za namna ile nilikuwa nimeelezwa kwenye semina Morogoro, mojawapo ya semina chache zilizowahi kunifaa. Pembeni mwa sahani zile kuna kimoto kidogo ambacho kazi yake ni kulinda. Hewa ya chumba ikipungua, kinazimika na kuifunga gesi. Ndiyo maana ilikuwa inazimika. Haikuwa mbovu, ilikuwa kitu pekee katika nyumba ile kilichojua kinachotokea, na walikuwa wameifunga waya. Tangu hapo ilikuwa inakula hewa ya chumba na kutoa sumu isiyo na harufu, na kila mzazi alipozidiwa, chumba kilizidi kuzibwa.

Nikamwambia Bibi Damari watolewe nje sasa hivi.

"Nje? Kwenye ubaridi huu? Mara mbili majirani wamemtoa kwenda zahanati, na kila akirudi anazidi. Siku zake hazijatimia."

"Mama, watakufa."

"Wakitoka ndiyo watakufa."

Nikataja sheria. Nilikuwa nayo sheria, naijua kwa vifungu, chumba cha kulala kiwe na uwazi wa kiasi gani kwa sakafu ya kiasi gani. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote.

"Hiyo sheria ndiyo itakayomnyonyesha huyu mtoto, mama yake akishapigwa na upepo?"

Ningeweza kumsukuma na kuingia. Nimewahi kuulizwa na vijana kwa nini sikufanya hivyo, na jibu ni kwamba angepiga yowe, mtaa mzima ungekuja na mipini, na mlango ungefungwa tena nikiwa kituo cha polisi. Nikakumbuka yule bwana wa Zombo na dirisha lake. Nikaketi tena. Nilichoka, na nadhani kuchoka kwangu kulionekana, kwa sababu alinimiminia chai.

"Mama," nikasema, "tuachane na upepo kidogo. Wewe unasema ile hita ni mbovu, mimi nasema ni nzima. Tuijaribu. Wahamishie chumbani kwako, ni ndani kwa ndani, hawatoki nje. Halafu kata ule waya, uiwashe, ufunge kila kitu kama ulivyofunga. Ikiwaka moja kwa moja, mimi nanyanyuka na sirudi."

"Na chumbani kwangu hakuna joto."

"Wafunike. Muda mfupi tu. Na mlango wa huko usiuzibe, nyumba nzima itawapa joto."

Alifikiria. Alichokubali hakikuwa hoja yangu. Alikubali kwa sababu hita ile ilikuwa zawadi ya mwanawe, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema si mbovu. Akawahamisha. Niligeuka kutazama ukuta wakati wanapita ukumbini, nikasikia nyayo za Yudita zikiburuta kama za mtu aliyelewa, na Bibi akimwambia, "Niegemee, mwanangu, niegemee." Mtoto sikumsikia.

Chumba chake mwenyewe, Mungu ni mwema, kilikuwa chumba cha mtu asiyejijali. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimevunjika na hakuna aliyekiziba.

Nikamwelekeza nikiwa nyuma ya pazia: zima, kata waya, subiri kidogo, washa. Akatoka, akaweka gunia lake chini ya mlango, akaketi karibu yangu. Tukanywa chai. Alinisimulia mashamba ya maharage ya kwao milimani, nami nikaitikia bila kusikia, sikio langu lote likiwa kwenye chumba cha pili. Alipokwenda kutazama, alirudi amekunja uso.

"Imezimika."

"Washa tena."

Akawasha. Safari hii haikumaliza hata kikombe. Aliiwasha mara ya tatu, na hiyo ikakataa kabisa. Akasimama mlangoni akiitazama kama mtu anayemtazama mbuzi mkaidi, mikono kiunoni.

"Ni mbovu," alisema. "Si unaona?"

"Inakuambia kitu, mama. Moto unavuta hewa kama sisi. Ukiuona moto umekosa hewa, ujue na mtu aliyelala hapo amekosa."

Ndipo mtoto alipolia.

Alilia kutoka chumba cha Bibi, kwanza kama paka, kisha kwa hasira, kilio cha mtoto mwenye njaa ambaye amegundua kwamba amecheleweshewa. Bibi Damari aligeuka taratibu. Nilimwona akihesabu moyoni tangu lini hajasikia sauti ile.

"Analia," alisema.

"Analia, mama."

"Mama!" Yudita aliita kutoka ndani, na sauti yake ilikuwa na uhai. "Anataka ziwa, nisaidie kumshika!"

Bibi alikwenda, akakaa huko kitambo. Alipotoka alichukua kigoda nilichokalia, ikabidi nisimame, akakipeleka chumba kile cha mzazi, akapanda juu yake na kuanza kuyatoboa matundu kwa mpini wa mwiko. Udongo ulimwagika kichwani kwake. Akatoa vitambaa, akabandua karatasi za vioo, akafungua dirisha, akalitupa gunia uani. Nikamwambia kupitia pazia kwamba dirisha zima si lazima, upepo usimpige mtu. Inatosha tundu la chini la kuingizia hewa na la juu la kuitoa, upana wa kiganja, na kitanda kikae pembeni yake. Na wakitaka kulala hita izimwe, joto la blanketi linatosha. Aliiwasha hita. Ikawaka buluu, ikaendelea kuwaka buluu, chai yote ikaisha.

Sista Konsolata alikuja alipofunga zahanati, akawapima wote wawili na kunitikisia kichwa kwamba wataishi. Waliishi. Yule mtoto sasa ni kijana mkubwa, na simwandiki hapa jina kwa sababu hapendi kuitwa mtoto.

Ningeweza kuishia hapo, na kwa miaka mingi nikisimulia kisa hiki nilikuwa naishia hapo hapo. Wakubwa walikipenda hivyo. Nawaandikia ninyi sehemu iliyobaki kwa kuwa kuna siku mtakutana nayo, na semina haifundishi.

Sista alipoingia kwa Yudita, mimi na Bibi tulibaki uani. Alikuwa ameketi chini, vile vitambaa vya kanga vimejaa mapajani, vina udongo. Nilidhani ataniomba radhi au kunishukuru, na nilikuwa natafuta namna ya kumzuia. Akasema:

"Mimi Elia si wa kwanza wangu."

Nikachuchumaa mbele yake.

"Kabla yake nilizaa wa kike. Kule juu, kipupwe kama hiki. Nyumba ilikuwa ya udongo, nikaikandika mimi mwenyewe yote, mpaka chini ya paa, na makaa nimeweka kwenye kigae uvunguni mwa kitanda. Alikuwa mpole. Halii. Watu wakija wananisifu kwa mtoto mpole." Alikunja kitambaa kimoja, akakikunjua. "Asubuhi hakuamka. Mama mkwe akasema upepo umempata, nimeacha tundu mahali. Nililitafuta tundu hilo ukuta mzima, kwa vidole. Sikuliona."

Ndani mtoto alikuwa anacheua, na Sista anacheka.

"Sasa niambie, mwanangu, wewe umesomea. Ulikuwa upepo, au nilikuwa mimi?"

Nilikuwa nimetumia maisha yangu ya kazi kuwaambia watu wa wilaya nzima kwamba upepo hauui mtoto, kinachoua ni chumba kilichofungwa. Nilikuwa nimemwambia yeye mwenyewe muda mfupi uliopita. Nikamtazama usoni, nikaona kwamba jibu analijua, na kwamba anaomba mtu wa serikali amwambie si hilo. Sikuweza.

"Ulikuwa upepo, mama," nikasema.

"Kweli, baba?"

"Kweli kabisa. Milimani kule upepo ni mkali."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, polepole. Nilidhani nimemtua mzigo.

"Basi tundu lilikuwapo," akasema. "Nilitafuta vibaya."